Waya Chini ya Shanga

Mstari uliruka tena.

Amou hakujua kusoma hata jina lake mwenyewe, lakini mstari ule alikuwa ameshajifunza kuusoma, maana haukuwa na herufi. Mgonjwa akitulia, mstari ulitakiwa ulale kwenye kioo cha kompyuta kama mto mkavu wakati wa kiangazi. Akiinua wayo, mstari uote nywele fupi nyingi, kisha ulale tena. Ndivyo msuli ulio hai unavyosema. Huu wa leo haukulala wala haukuota nywele. Ulirusha vilima vikubwa kila mgonjwa alipopiga hatua, na Omollo, aliyesimama mbele ya kompyuta, akageuka akamtazama Amou badala ya mgonjwa.

"Mama Lual, mkanda umelegea tena."

"Haujalegea."

"Mashine haidanganyi, mama."

"Kwa hiyo mwongo ni mguu?"

Wagonjwa kwenye benchi wakacheka. Omollo hakucheka. Alikuwa fundi wa viungo bandia kutoka Kisumu, mwenye cheti kilichotundikwa ukutani ndani ya fremu, na watu wa kambi walimwita Daktari. Hakuwa daktari, na hakuwahi kumsahihisha mtu. Aliinama, akaushika mkanda ulioshonwa na Amou, akauvuta mpaka mgonjwa akauma midomo. Mgonjwa akatembea tena. Vilima vikaruka tena.

"Unaona?" Amou alisema. "Umemkaba mtu bure."

Karakana yenyewe ilikuwa Kakuma, ng'ambo ya mto Tarach, na kwa kuwa kazi yake ilikuwa kutengeneza miguu ya bandia na vishikizo vya miguu iliyopooza, kambi nzima iliiita Kwa Miguu. Amou alikuwa amefanya kazi pale miaka kumi na mmoja. Kila mguu wa bandia uliotoka pale ulitoka na mikanda aliyoishona yeye, kwenye cherehani ya kuzungusha kwa mkono iliyowekwa juu ya meza kando ya dirisha. Hakuwa na tepu ya kupimia. Alipima kwa shubiri na kwa mafundo kwenye uzi, na mikanda yake haikumchubua mtu. Kwenye beji yake waliandika "Msaidizi". Mwaka mmoja walikuja watu wa picha, wakampiga akiwa anashona, na kalenda ilipotoka aliona mikono yake miwili na cherehani. Kichwa kilikuwa kimekatwa. Aliing'oa ile kalenda ukutani mwenyewe, na hakuna aliyeuliza imekwenda wapi.

Vihisi vilikuja baada ya mvua ndefu za mwaka 2012. Vililetwa kutoka Nairobi na injinia mmoja kijana, Nyakio, mwanamke mwembamba anayetembea kama aliyechelewa. Yeye ndiye aliyewaeleza, kwa Kiswahili, jambo ambalo Amou alimshukuru kwalo moyoni. Msuli unapofanya kazi, alisema, hutoa umeme mdogo sana, mdogo kuliko wa betri ya saa. Ukiweka vifungo viwili vya fedha juu ya ngozi, vifungo vinausikia. Waya unaupeleka kwenye kijisanduku kiunoni, na kijisanduku kinautuma kwenye kompyuta. Hapo utajua kama mguu unaoburuzwa una msuli uliokufa au una msuli uliolala tu. Uliolala unaweza kuamshwa kwa mazoezi. Uliokufa utafutiwa kishikizo.

"Hospitalini wanatumia vibandiko vya gundi," Nyakio alisema, "lakini hapa jasho linabandua gundi kabla mtu hajamaliza kusalimia. Ndiyo maana tunataka mkanda. Nimeambiwa yuko mtu hapa anashona vizuri."

"Tuko na timu," Omollo alisema.

Timu ilikuwa Amou. Alishona mkanda wa kwanza siku ile ile, vifungo vikiwa ndani na waya ukitoka pembeni, na mgonjwa alipokuwa amekaa kwenye kiti, mstari ulilala na kuota nywele kama ulivyotakiwa. Nyakio akapiga makofi. Kisha mgonjwa akaambiwa atembee, na uongo ukaanza.

Basi ikawa hivyo Agosti na Septemba. Mgonjwa akikaa, mkanda unasema kweli. Akisimama na kutembea, unasema uongo. Nyakio alikuwa akija siku tatu, akirudi Nairobi wiki tatu. Mwanzoni mwa Oktoba aliwaambia wote wawili jambo alilotumwa kulisema: mwezi wa kumi na moja wenye mradi watafika Lodwar kuona mikanda ikifanya kazi kwa wagonjwa wanaotembea. Ikisema kweli, mikanda itashonwa papa hapa Kakuma, kwa vituo vyote vya kaskazini. Ikisema uongo, vitaagizwa vihisi vilivyo tayari kutoka ng'ambo.

"Na mikanda ya miguu ya bandia je?" Amou aliuliza.

Nyakio alimtazama Omollo. Omollo akasafisha koo. "Hiyo pia itakuja imeshonwa tayari. Kituo hakitahitaji meza ya kushona, mama. Ni bajeti, si mimi."

Meza. Mtu mwingine angesema ni meza tu. Lakini mumewe Makuei alikuwa ameondoka mwaka uliotangulia, nchi yao ilipopata uhuru, akisema anakwenda Juba kutazama kiwanja, na kilichorudi ni habari kwamba ameoa msichana. Mwanawe Lual alimfuata babake. Ng'ombe wa babake Amou walikwisha zamani, vitani, na njia aliyotembea kutoka Bor mpaka mpakani hakutaka kuikumbuka. Kilichobaki chenye jina lake kilikuwa ile meza kando ya dirisha, mahali ambapo mtu akiingia husema, "Yuko wapi yule mama wa mikanda?"

Tangu siku hiyo hakutulia. Alishona mkanda wa turubai, akaufumua. Akashona wa mpira wa tairi, ukachoma ngozi. Akaweka sifongo nyuma ya vifungo. Akajaribu kulowesha vifungo kwa maji kidogo, na hilo likasaidia mgonjwa akiwa amekaa, lakini hatua za kwanza tu vilima vikarudi. Chakula kilimshinda, alikula akiwa amesimama mlangoni, sahani mkononi, macho kwenye miguu ya wapita njia. Kanisani Jumapili, ngoma zikipigwa na wanawake wakirusha misalaba juu, yeye alikuwa akitazama magoti yao.

Mwishowe aliuvaa mkanda mwenyewe, na kijisanduku kisichowashwa kiunoni, akaenda nao nyumbani na kurudi. Jirani yake Aluong alimwona pindo la sketi lilipopanda.

"Ya Mama Lual! Polisi wamekufunga pingu mguuni sasa?"

"Wamenifunga nisikimbilie Juba."

"Juba kuna nini? Makuei?" Aluong alicheka mpaka akashika ukuta. "Huyo mwache na mtoto wake wa shule."

Amou alikuwa ameshainama, kidole kwenye muundi wake, karibu na kifungo. Aliinua mguu. Goti likakunjika, na chini ya kidole akasikia kitu kikivutwa. Akakunja tena. Kikavutwa tena. Waya! Waya ulitoka mkandani moja kwa moja mpaka kiunoni, umenyooka, na goti lilipokunjika uliuvuta mkanda kama mbuzi anayevuta kigingi. Mkanda haukulegea hata kidogo. Ulikuwa unakokotwa.

Asubuhi alimngoja Omollo mlangoni kabla hajafungua kufuli.

"Ni waya," alisema. "Waya unavuta vifungo."

"Habari ya asubuhi, mama."

"Nzuri. Ni waya."

Omollo akaingia, akaweka mkoba, akawasha feni. "Waya umetoka kiwandani. Umepimwa na watu wa fizikia. Wewe kazi yako ni kitambaa. Kaza kitambaa."

"Nikikaza zaidi ya hapo damu haitapita."

"Basi kaza mpaka karibu na hapo."

Alitaka kumpigia Nyakio, lakini namba ilikuwa kwenye simu ya Omollo. Na hata kama angempata, angemwambia nini? Ugonjwa ameujua, dawa hajaijua. Alijaribu kuufunga waya kwenye paja kwa kitambaa, ukateleza. Akaufunga kwenye mkanda wenyewe, ukavuta vilevile. Siku zikaisha.

Mkimbizi hatoki kambini bila karatasi ya ruhusa, na jina la Amou halikuwemo kwenye orodha ya walioombewa karatasi. Alijua hilo kwa karani wa lango la kambi, si kwa Omollo. Ikabidi siku Nyakio alipofika, Amou amkute nje kwenye gari, jua likiwa utosini, amwambie mbele ya dereva, "Mimi siendi Lodwar."

"Kwa nini hutaki?"

"Sijasema sitaki. Nimesema siendi."

Nyakio aliingia ndani. Amou alisikia sauti mbili, Kiingereza tupu, kisha Kiswahili: "Na mkanda ukikatika, Omollo, utashona wewe?" Karatasi ikapatikana kesho yake.

Walisafiri na msafara wa asubuhi, polisi mbele na nyuma, na walipofika Lodwar mji ulikuwa umefura. Tangu mafuta yalipopatikana mwezi wa tatu, kila mgeni alikuwa amekuja kuuza kitu au kununua ardhi, na vyumba vyote mjini vilikuwa vimejaa. Wakalala kwenye hosteli ya kanisa, mtaa wa Kanamkemer, na ukumbi wa kanisa hilo ndio uliokodiwa kwa majaribio. Sakafu ilikuwa ya saruji, viti vya plastiki vimepangwa, na mbele wageni watano: wazungu wawili, Wakenya watatu wenye suti ambao jasho lilikuwa likiwatoka kwenye kola. Amou alipewa kiti nyuma, karibu na mlango wa choo. Hakukikalia. Alisimama, sindano imechomekwa kwenye kola ya gauni, akihamisha uzito wa mwili kutoka mguu huu hadi ule.

Mgonjwa wa kwanza alikaa, mstari ukalala. Akatembea. Vilima.

Wa pili, vilima.

Mmoja wa wenye suti aliandika kitu. Omollo alikuwa anazungumza haraka haraka, akitabasamu upande mmoja tu wa mdomo, na mara mbili Amou alimwona akinyoosha kidole kwenye kitambaa. Kitambaa. Angeweza kumtia sindano.

Wa tatu aliitwa Ekal, mzee wa makamo wa Kiturkana kutoka Namoruputh, karibu na Uganda. Risasi ya wezi wa mifugo ilikuwa imempita nyuma ya goti miaka miwili nyuma, na tangu hapo wayo wake wa kulia ulikuwa unaburuza ncha ya ndara yake ya tairi. Alikuja na fimbo, na kigoda chake cha mkononi, na alipoambiwa akae kwenye kiti cha plastiki alikitazama kile kiti, akaweka kigoda chini, akakalia kigoda. Omollo alipopandisha shuka lake, wote wakaona: chini kidogo ya goti kulikuwa na shanga zilizofumwa pamoja, upana wa vidole vitatu, nyekundu na nyeusi, zimekaa mguuni kwa muda mrefu kiasi kwamba ngozi ilikuwa imefanya mfereji wake.

Omollo alifunga mkanda chini ya shanga, kwenye muundi, akapitisha waya juu ya shanga. Hata kabla Ekal hajasimama, waya uligonga shanga na mstari ukatetemeka.

"Hizi zitoke," Omollo alisema.

"Hazitoki," Ekal akasema.

"Dakika tano tu, mzee."

"Hazitoki dakika tano, hazitoki moja."

Omollo akawatazama wageni, akatabasamu, akaingiza mkono kwenye mkoba. Alipoutoa ulikuwa na mkasi, ule wa kukatia bendeji. "Tutakununulia zingine."

Ekal akainuka. Hakupiga kelele. Aliinuka tu na fimbo yake, mrefu kuliko watu wote mle ndani, na mtu mmoja wa suti akasogeza kiti nyuma. Mstari kwenye kompyuta ukarusha kilima kinachofika juu ya kioo.

Amou alikuwa ameshafika katikati ya ukumbi bila kujua miguu ilimfikishaje.

"Weka mkasi," alimwambia Omollo. "Hujui unachokata."

"Mama, rudi kwenye kiti."

"Hizo zimefungwa na mkewe. Akizitoa, amesema mkewe amekufa. Kwetu pia kuna shanga za hivyo. Wewe unaweza kumwambia mtu amzike mke wake kwa sababu ya kompyuta?"

Omollo alishusha mkasi. Ekal akamtazama Amou kutoka juu hadi chini: uso wake mweusi wa kusini, gauni lake, viatu vyake vya mpira.

"Ejok," Amou alimsalimia kwa Kiturkana.

"Ejok-noi." Akafikiri. "Mama wa Sudani, nani alikwambia mambo ya mke wangu?"

"Shanga zako."

Hapo Ekal akacheka, pengo la meno ya chini yaliyong'olewa likionekana, akakaa tena kwenye kigoda. Amou alipiga magoti mbele yake kwenye saruji. Alitaka kuuhamisha waya upande ili usigonge, hilo tu ndilo alilokusudia. Akaushika, na mkono wake mwingine ukagusa zile shanga, na zilikuwa imara kama pete. Hazikusogea. Goti lilivyokunjika na kukunjuka, zenyewe zilibaki mahali pake, miaka yote hiyo, zimeshika mguu bila kuukaba.

Vidole vyake vikasimama.

"Baba Ekal," alisema polepole. "Nikipitisha huu uzi wa chuma chini ya shanga, sizitoi. Sizifungui. Unaupita tu, kama nyoka. Mkeo atakasirika?"

"Akiona mwanamke wa Sudani ameshika shanga zake, atakasirika sana."

"Basi usimwambie."

"Hapa kuna watu wengi. Mmoja atamwambia." Lakini alikuwa amenyoosha mguu.

Alivuta waya wa ziada kutoka kiunoni mpaka ukalegea, akaupitisha chini ya shanga, na kati ya shanga na mkanda akaacha mzunguko, kama kipete cha kamba ya ndama. Kwao, kwenye kambi za ng'ombe, msichana wa miaka saba anajua kwamba ndama hafungwi kwa kamba iliyokazwa. Huachiwa kamba ya kuchezea, na akishtuka, kinachoshtuka ni kamba. Kigingi hakina habari. Juu ya shanga aliacha mzunguko mwingine, kwa ajili ya goti. Kisha akainuka, akarudi nyuma hatua mbili.

"Tembea, baba."

Ekal akatembea. Ndara iliburuza, fimbo ikagonga saruji, goti likakunjika na kukunjuka. Mstari ulilala. Akaambiwa ajaribu kuinua wayo. Wayo haukuinuka, ulitikisika tu kidogo, mtu asingeuona kwa macho. Lakini mstari ukaota nywele, chache, fupi, nyembamba kama za mtoto mchanga, kisha ukalala tena.

"Uko hai," Nyakio alisema, mkono mdomoni. "Mzee, msuli wako uko hai. Umelala tu."

"Mimi nilijua," Ekal akasema. "Ninyi ndio mlikuwa hamjui."

Wageni walisimama. Walizungumza Kiingereza, wakielekeza kwenye shanga, kwenye waya, kwenye mizunguko miwili. Mzungu mmoja aliuliza swali, na Amou, sindano ikiwa bado kwenye kola, alijua swali lile kwa jinsi kichwa kilivyogeuka kutafuta mtu: nani amefanya hivi? Akavuta pumzi. Omollo akajibu. Jibu lilikuwa refu. Amou alilisikiliza lote, neno kwa neno asilolijua, akingoja jina lake, kwa kuwa jina la mtu halitafsiriwi. Lingetokea tu, Amou, katikati ya Kiingereza kile, kama jiwe ndani ya mchele. Halikutokea. Wageni wakampa Omollo mkono. Nyakio alikuwa amepiga magoti mbele ya kompyuta, anahifadhi mstari, hata hakugeuka.

Amou alitoka nje, akasimama kwenye kivuli chembamba cha ukuta.

Waliporudi Kakuma alishona mikanda sita kwa wiki moja. Kila mmoja aliupa mkanda mdogo wa pili wa kukaa chini ya goti, upana wa vidole vitatu kama shanga za Ekal, na waya akaupitisha chini yake ukiwa na mizunguko. Wagonjwa sita walitembea, mistari sita ikasema kweli. Omollo akaichukua yote sita, akaipiga picha, akaipima kwa tepu, akaandika, akaituma Nairobi.

"Sasa itashonwa hapa?" Amou aliuliza. "Ikisema kweli, itashonwa hapa. Ndivyo mlivyosema."

"Wametaka mingi, mama. Mia tano. Kiwanda ndicho kinachoweza." Alikuwa hamtazami. "Na lazima mshonaji awe na cheti. Ni kanuni zao."

Shukrani ya punda ni mateke. Alikuwa ameisikia methali hiyo miaka yote kambini na kudhani inahusu punda. Kabla ya Krismasi watu wawili waliibeba meza, wakaipeleka ghalani, wakaweka rafu ya mafaili kando ya dirisha. Cherehani walimwachia aende nayo, kwa kuwa hakuna aliyejua kuitumia. Aliiweka mbele ya nyumba yake chini ya turubai na kushona sare za shule, na kila aliyepita alimuuliza mbona hayuko Kwa Miguu, na kila mmoja alimjibu tofauti. Aluong aliacha kumtania. Hilo lilimuuma zaidi.

Uchaguzi wa Machi ukapita. Mwezi wa nne makasha yakafika kutoka Nairobi. Amou alisikia habari kwa mgonjwa mmoja aliyekuja kushonewa suruali.

"Mikanda mizuri sana, mama. Myeusi, inang'aa. Lakini Daktari anatukaba nayo mpaka miguu inakufa ganzi, na ile kompyuta bado inaruka ruka."

"Waya wake ukoje?"

"Umeshonewa ndani. Umenyooka vizuri, huuoni hata."

Umenyooka vizuri. Amou alizungusha gurudumu la cherehani kwa nguvu mpaka uzi ukakatika. Walikuwa wameuiga mkanda wa pili, vidole vitatu sawasawa, na mizunguko wakaiona ni uchafu wa mwanamke asiyesoma, wakainyoosha.

Mwezi wa tano Nyakio alikuja mwenyewe nyumbani, akakaa kwenye jerikeni, vumbi limemjaa nyusini. "Mama, nisamehe," alisema. "Nilidhani ulikuwa unalipwa kama mbunifu. Omollo aliandika ripoti, nikaisoma haraka. Rudi. Meza itarudi dirishani, nimeshasema."

"Meza irudi. Na Omollo aje."

"Aje afanye nini?"

"Aandike. Kwa Kiingereza, kwa wale wale wageni. Nani alifanya."

Omollo alikuja kesho yake na barua mkononi, amevaa shati la mikono mirefu. Hakukaa. Alisema, "Mama Lual, hukujua tu jinsi mambo haya yanavyoandikwa," akampa karatasi. Akasema jina lake liko, mstari wa mwisho.

Amou hakuweza kujua. Kwa hiyo aliichukua barua akampelekea shemasi wa kanisa, naye akaisoma. Kisha akampelekea mwalimu wa shule ya msingi, bila kumwambia shemasi amesema nini. Kisha binti wa Aluong aliyekuwa kidato cha pili. Wote watatu walisoma jambo moja: kwamba mkanda ulibuniwa na kituo, kwa msaada wa mshonaji wa hapa, Amou.

"Kwa msaada," Amou alisema.

"Ndivyo ilivyoandikwa, mama," binti alisema, akaogopa uso wake.

Jumatatu aliingia Kwa Miguu. Meza ilikuwa dirishani, imepanguswa. Aliweka cherehani juu yake, akaketi, akaiweka barua mbele, akakunja mikono mapajani. Benchi lilikuwa limejaa. Mwanamke mmoja kutoka Lopur alikuwa na mtoto aliyeburuza mguu, na mkanda mweusi unaong'aa ulikuwa umemwachia alama nyekundu kwenye muundi.

"Mama," Omollo alisema, "watu wanangoja."

"Nawaona."

"Anza basi."

"Andika tena."

Saa nne ikafika. Mikono ya Amou haikuzoea kukaa. Vidole vilikuwa vinafunga mafundo hewani, na kila mtoto yule alipolia mkono mmoja ulikwenda kwenye gurudumu la cherehani, ukarudi. Angeweza kushona. Ingechukua nusu saa. Alijua wanamwita mwanamke mbaya pale kwenye benchi, na labda alikuwa mbaya. Nyakio alikuwa anatoka na kuingia mlangoni. Saa sita kasoro, Omollo aliketi mbele ya kompyuta, akapiga herufi kwa muda mfupi sana, akachapisha. Nyakio akaisoma kwa sauti, Kiingereza kwanza, kisha Kiswahili: mkanda huu umebuniwa na kushonwa na Amou wa Kakuma, kiwanda kilikosea kwa kunyoosha waya, na mimi Omollo niliyeandika ripoti sikumtaja.

Omollo akatia saini. Hakuomba radhi, wala Amou hakumwambia asante.

Alikuwa amedhani siku hii ikija, kitu ndani yake kitatulia. Hakikutulia. Kulikuwa na miaka kumi na mmoja mle ndani, na karatasi ilikuwa moja. Alivuta mkanda mweusi wa kiwanda, akaufumua mshono kwa ncha ya mkasi, waya ukachomoza. Alilamba uzi mara tatu kabla haujaingia kwenye tundu la sindano.

"Mlete huyo mtoto," alimwambia mwanamke wa Lopur. "Mlete hapa kwenye mwanga, nimpime."